Mama wa viazi karai Langoni, Lamu, na hii habari ya vibali na ushuru

Watu wakija Lamu wakiuliza pa kula jioni wanaelekezwa hoteli za mbele ya bahari, na si vibaya, lakini mi nataka niwaambie kuhusu mama mmoja anauza viazi karai Langoni kwenye Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wetu. Ukitoka Mkunguni pale mbele ya Ngome unashika njia kama unaenda msikiti wa Riyadha, utanusa kabla hujamuona. Anaweka karai baada ya alasiri na ikifika isha mara nyingi ashamaliza, kwa hivyo msije saa tatu usiku halafu mkasema nimewadanganya.

Viazi vyenyewe wallahi sijaona. Wengi wanapaka unga mzito mpaka unatafuna unga tu na kiazi kiko mbali huko ndani, huyu unga wake ni mwembamba, una bizari na ndimu imesikika, ukiuma nje kumekauka na ndani kiazi kinalainika chenyewe. Chatne ana mbili, ya nazi na embe mbichi na ile ya ukwaju wa pilipili, chukua zote mbili. Sahani sh 50 nilipokula mara ya mwisho, ukiongeza mishkaki miwili kwa kijana wa jirani yake basi ushakula chakula cha jioni. Bajia zake za kawaida tu, sina neno nazo.

Lakini kilichonifanya niandike ni usafi, manake hapo ndipo watu wanapowasemea hawa wauzaji wa njiani vibaya bila kwenda kuangalia. Ana ndoo ya maji yenye bomba chini, sabuni imefungwa kamba pembeni, na hujapewa sahani hata kama una haraka vipi utaambiwa "nawa kwanza mwanangu." Yeye anayeshika viazi hashiki pesa hata shilingi, pesa anapokea binti yake amekaa kwenye kigoda upande wa pili na kopo. Mafuta yakianza kuwa meusi anayatoa, nimemuona akiyatoa na wateja wamesimama wanangoja na hakujali. Na kadi yake ya daktari iko ndani ya karatasi ya nailoni imening'inizwa kwenye msumari wa meza, ile ya kupimwa wanaoshika chakula ambayo inabidi ifanywe upya kila miezi 6. Nikamuuliza mama inakusumbua hii, akasema la, mtu anataka kujua mkono uliompikia, haki yake.

Sasa hapo ndipo penye maneno yangu. Huyu mama anatimiza upande wake wote. Anapimwa, analipa ushuru, risiti anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga hata za zamani zimefifia wino. Je, anapata nini? Katiba ya 2010 ile Jedwali la Nne imewapa kaunti kazi ya masoko na laisensi za biashara, na kwenye afya ya kaunti humo humo imeandikwa kutoa laisensi na kusimamia wanaouzia watu chakula, halafu hapo hapo pia imeandikwa kuzoa taka. Yaani ni kazi ya mtu mmoja! Huwezi kuchukua ile ya kwanza ukaiacha ile ya pili. Ukimdai mtu kadi na ushuru basi mpe pipa linalozolewa kila siku, taa, na bomba la maji karibu, manake maji anayonawishia wateja anayabeba yeye na binti yake kwa mtungi kutoka nyumbani, na sehemu ya pale kwake ikiingia magharibi mwanga ni wa tochi ya simu.

Na wengi hawajui hili, kwa hivyo naliandika wazi: Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya laisensi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria. Kwa hivyo ushuru wa meza lazima uwe umeandikwa kwenye sheria, kiwango kinajulikana, risiti inatolewa. Mtu akija akakuambia leo ni kiasi fulani na hana karatasi, una haki kumuuliza imeandikwa wapi. Na viwango hivyo vikipangwa bunge la kaunti linatakiwa kushirikisha wananchi, Kifungu cha 196. Ombi langu kwa wanaoitisha hiyo mikutano ni waangalie saa, waweke wakati ambao mama wa viazi hajaweka karai motoni na wa mahamri ashauza yake ya asubuhi, la sivyo watakaokaa kwenye viti ni wasiouza chochote.

Sitaki mtu afikiri nasema kila mtu aweke meza anapotaka. Mji wetu vichochoro ni vyembamba, uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwa kwenye orodha yoyote bado punda wanapita na mawe na saruji, hamali na rukwama zao wanapita, mgonjwa anapitishwa hapo hapo, na jeneza likitoka msikitini linataka njia na halisubiri mtu akunje turubai. Anayeweka meza katikati aondolewe na mi nitaunga mkono. Huyu mama meza yake imegusa ukuta, miguu haifiki kwenye mfereji, na jiko kaliweka upande wa ndani ili mtoto akipita asiguswe na moto. Nilikuwepo mazishi yakipita, alifunika karai, akasimama, akavuta na kigoda cha binti, watu wakapita wote bila kugusana.

Ndio maana naona dawa si kuwahamisha wote kwenye soko fulani la mbali. Mteja wa viazi karai ni mtu ametoka kuswali, ni mtoto katoka madrasa na ishirini yake mkononi, hawezi kutembea nusu saa kufuata kiazi. Wachore mstari wa rangi chini, mahali paandikwe kwenye kibali chenyewe pamoja na saa, ili kesho asije mtu mwengine akamwambia kwa mdomo toka hapa. Na kama kuna sababu ya kumhamisha apewe kwa maandishi, Kifungu cha 47 kinasema hivyo, ukichukuliwa hatua ya kukudhuru haki yako wewe una haki ya kuandikiwa sababu. Ni mjane analea watatu kwa hilo karai, karatasi moja yenye sababu si kitu kikubwa kumpa.

Haya, mkienda: msitafute viti, hakuna na visiwepo, mnakula mmekaa barazani au mmesimama. Ijumaa anachelewa kidogo. Ramadhani viazi anapunguza anauza zaidi kaimati na sambusa kabla ya magharibi na hapo foleni ni ndefu, wahini. Bebeni chenji. Na ukitaka za kupeleka nyumbani nenda na kopo lako la mfuniko, manake mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, viazi atakutilia kwenye mfuko wa kaki lakini chatne haina pa kwenda.