TAHADHARI: Dada wa chumba cha Leiden ni tapeli, msimtumie hata senti

Jamani, naandika mikono inatetemeka. Yule dada niliyewaambia amenimalizia tatizo la chumba cha kupanga huku Leiden, Uholanzi, ni tapeli. Kala euro 1,860. Ni hela ya kikoba cha mama, zaidi ya milioni tano za nyumbani, na hadi leo sijapata mdomo wa kumwambia.

Mtauliza, mwanafunzi wa sheria anatapeliwaje? Niliamini kwa sababu alikuwa wa kwetu. Nilimwamkia "shikamoo dada", akaitikia "marahaba mdogo wangu, umekula?" Miezi miwili natafuta chumba, wenye nyumba hawajibu hata barua pepe, halafu anatokea mtu anakuuliza kama umekula! Alisema anasomea uzamivu, anarudi Morogoro mwaka mzima kukusanya data, anataka chumba kibaki mikononi mwa mtu wa nyumbani. Akanitumia video: kitanda, meza, pazia la kijani lenye doa la chai pembeni, dirisha linatazama mfereji. Mkataba ukaja kurasa sita, kila ukurasa una sahihi. Niliusoma usiku kucha, kifungu kwa kifungu, nikamrekebishia hata kile cha notisi. Akaniambia, "Wewe utakuwa wakili mzuri." Asubuhi nikatuma hela.

Mwishoni mwa Agosti, saa tatu usiku, nikashuka stesheni ya treni ya Leiden Centraal na masanduku mawili, mvua inanyesha. Mtaa upo kweli. Nyumba zinaishia namba 61. Mkataba wangu unasema 83. Nimeupanda na kuushuka ule mtaa mara tatu, naburuta masanduku juu ya mawe, napiga simu. Ikaita mara mbili, kisha picha yake ikatoweka. Kanipiga bloku.

Huyu afungwe! Polisi nimeripoti, na sitanyamaza mpaka asimame kizimbani aulizwe alimuuliza nani tena kama amekula kabla ya kumwibia. Mtu anayewinda watoto wa watu kwa lugha ya mama zao hastahili huruma yoyote.

Dalili zilikuwepo. Namba ya akaunti ya benki ilianza na LT, yaani ya Lithuania, si NL ya Uholanzi, tena kwa jina la mwanamume. Akasema ni ya mumewe. Alitaka dhamana ya miezi mitatu, wakati sheria ya Uholanzi tangu Julai 2023 inaishia kodi ya miezi miwili. Na alinikataza kujiandikisha manispaa kwa anwani ile, eti nitamgombanisha na mwenye nyumba. Ukija kukaa mwaka mzima huku, kujiandikisha ni lazima. Kuna na mengine, kichwa hakijatulia.

Jana usiku rafiki kanitumia tangazo kutoka kundi la wanaokwenda Maastricht, mji mwingine wa huku Uholanzi. Namba nyingine, jina lingine, safari hii anakwenda Arusha. Pazia ni lile lile la kijani, doa la chai pale pale. Kama una ndugu kwenye kundi hilo, mpigie sasa hivi.