Programu iliyomlisha bosi maneno yangu

Anayetaka kujua programu hii ya kuandikia ina rangi ngapi na inafunguka kwa sekunde ngapi akatafute kwingine. Mimi nimekuja kwa jambo moja tu: mstari mtupu ambao sikuuweka.

Naandika kwa Markdown miaka mingi. Kwa asiyeijua, ni maandishi ya kawaida kabisa. Ukitaka nukuu unatanguliza alama ya > mwanzoni mwa mstari, kama watu walivyokuwa wakifanya kwenye baruapepe tangu zamani, na programu inakutolea ukurasa safi. John Gruber alipoitoa mwaka 2004 alitaka hata faili lenyewe, kabla halijageuzwa, lisomeke bila kuumiza macho, na kwa hilo sina ugomvi naye. Programu hii nayo niliinunua kwa sababu inakata mistari yenyewe ikifika herufi 72. Inakata kweli, yaani inaingiza mstari mpya ndani ya faili, si kukunja kwa macho tu. Nilifurahi mno, hadi nikawashawishi wenzangu wawili nao wanunue. Leo wananitazama kwa jicho la pembeni.

Sasa sikilizeni. Wiki tatu zilizopita, au zaidi kidogo, nilikuwa najibu waraka wa bosi, hoja kwa hoja. Nanukuu alichosema, chini yake naweka jibu. Moja ya hoja niliiandika hivi:

    > Timu yangu haijawahi kuchelewesha ripoti.
    Hili si kweli, na tarehe zote ninazo.

Kwa macho yangu hapo kuna watu wawili: wa juu bosi, wa chini mimi. Nikabonyeza, ukurasa ukatoka, nikautuma kwa idara nzima bila kuusoma tena. (Najua. Msinianze.) Kumbe nilichotuma ni nukuu moja ndefu, ndani ya fremu yake nzuri yenye kistari cha kijivu pembeni, na humo bosi anatamka: "Timu yangu haijawahi kuchelewesha ripoti. Hili si kweli, na tarehe zote ninazo."

Anajikana mwenyewe, kwa pumzi moja!

Watu walicheka hadi machozi. Bosi hakucheka. Aliniita akauliza swali moja tu, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kufokewa: "Wewe, nani amekutuma unilishe maneno?" Jaribu kumweleza mtu mwenye uso ule kwamba kosa ni la mstari mtupu.

Nikawaandikia wenye programu. Nilieleza kwa adabu, nikaambatisha faili na picha. Jibu lilikuja na sentensi tatu: "Ndugu mteja, hiyo si hitilafu. Programu inafanya kazi inavyotakiwa. Tafadhali soma mwongozo." Udugu gani huo? Hakuna pole, hakuna hata kunionyesha huo mwongozo nianzie wapi. Siku hiyo hiyo niliandaa tathmini ya nyota moja, na nyota yenyewe kwa kuwa sifuri hairuhusiwi.

Lakini mwongozo niliusoma. Niliusoma usiku kwa hasira, nikitafuta pa kuwashika. Kanuni ipo kweli: aya iliyoanza ndani ya nukuu haikatiki kwa sababu tu mstari unaofuata hauna >. Inaendelea kumeza mpaka ikutane na mstari mtupu, au kitu kingine kama kichwa cha habari au orodha. Walioanza kunyoosha kanuni hizi mwaka 2014, chini ya jina la CommonMark, wanaiita uvivu bila kuona haya. Na Gruber mwenyewe tangu mwanzo aliruhusu mwandishi awe mvivu, aweke > kwenye mstari wa kwanza wa aya na basi.

Nikasema vizuri, ushahidi huu hapa. Nikafungua mafaili yangu ya nyuma nihesabu mara ngapi uvivu huo umeniumiza. Hapo ndipo niliponywea. Nukuu zangu zote ndefu, programu ilipozikata kwenye herufi 72, haikuweka > kwenye mistari mipya. Ipo ya kwanza tu, mingine iko uchi. Na bado zote zilitoka salama, kwa sababu ya kanuni ile ile niliyokuwa nailaani. Bila uvivu ule ningekuwa nimewalisha watu maneno, au kuwanyang'anya, mara nyingi kuliko hii moja. Basi nikafuta nyota moja nikaandika tatu. Nusura ziwe nne.

Isipokuwa nilikuta moja ambayo haikusalimika. Mtu niliyemnukuu alikuwa ameweka kistari katikati ya sentensi, kisha nafasi, ya kupumulia tu. Programu ikakata pale pale, kistari kikaangukia mwanzo wa mstari. Nukuu ikakatika, nusu ya pili ya sentensi ikatoka nje ikawa orodha ya kitu kimoja, yenye kitone chake, kama maneno yangu mimi. Hilo si la Gruber wala CommonMark. Programu ndiyo iliyokata, inajua imekata wapi, inajua iko ndani ya nukuu, na kuweka > moja kumeishinda. Halafu nizungumzie zile nafasi mbili za mwisho wa mstari, za kulazimisha mstari uvunjike? Nikihifadhi faili inazifagia kama uchafu, anwani ya mistari minne inakuwa mmoja. Siku hizi mwishoni mwa mstari naweka kile kistari kilicholalia nyuma (\), ambacho angalau hakifagiwi.

Kwa hiyo mbili. Kanuni naiachia huru, programu hapana, na yule wa "ndugu mteja" simsamehi. Bado naitumia, kwa sababu hiyo ya herufi 72 imeshanikaa mwilini.

Bosi naye siku hizi akinitumia waraka, baada ya kila sentensi anaacha mistari mitupu miwili.