Lenzi za mwanga hafifu: zipangwe kwa T, si kwa f

Ukienda dukani kutafuta lenzi ya kupigia harusi za usiku, muuzaji atakuonyesha namba iliyoandikwa ukingoni: f/1.8, f/2.8, f/3.5-5.6. Atakwambia kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mwanga unavyoingia mwingi. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Namba ya f ni hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi (zile milimita zinazotaja lenzi) kwa upana wa tundu la lenzi likitazamwa kutoka mbele. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la kama milimita 28, basi. Hesabu hiyo haigusi kabisa vioo ambavyo mwanga unavipenya hadi kufika kwenye sensa (kipokea mwanga cha kamera), na ndani ya vioo hivyo ndiko unakopotea.

Kioo kitupu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso unaokutana na hewa. Chukua Sigma 18-35mm f/1.8: ina vioo 17 katika makundi 12, na vioo vya kundi moja vimegandishwa pamoja, yaani nyuso 24 za namna hiyo. Vingekuwa vitupu, mwanga unaofika mwisho usingetimia asilimia 40. Kinachookoa ni ule utando mwembamba unaong'aa zambarau au kijani ukiinamisha lenzi kwenye taa. Alexander Smakula wa Zeiss ndiye aliyeuvumbua, mwaka 1935. Utando mzuri hupunguza hasara hadi chini ya nusu asilimia kwa kila uso, lakini hauifuti. Kwa sababu hiyo watu wa sinema hutumia namba ya T, inayopimwa kwa mwanga uliokwisha kupita. T ya lenzi daima huwa kubwa kuliko f yake, na pengo kati ya hizo mbili ndilo mwanga uliopotea.

Mpangilio huu ni wa mtu anayepiga picha au video ndani ya kumbi, na ambaye pesa yake ina kazi nyingine pia.

Namba moja ni lenzi ya 50mm f/1.8 isiyo na zumu. Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, ina vioo 6 katika makundi 5, kwa hiyo nyuso 10 tu, na hasara yake ni ndogo. Ilinganishe na lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera: ukizumu hadi mwisho unabaki na f/5.6, na hii ya 50 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa bei yake, sioni kitu kingine kitakachobadilisha picha zako za usiku kiasi hicho. Nikon na Sony nao wana za kwao. Angalizo ni moja: kwenye kamera ya sensa ndogo inabana, na sebuleni utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Hapo tafuta 35mm.

Namba mbili ni lenzi za f/1.4 zenye pacha wa sinema, na hapa ndipo mnunuzi anaweza kupata ukweli bila maabara. Samyang huuza lenzi zake za 24mm, 35mm na 85mm kwa matoleo mawili yenye vioo vilevile: la picha limeandikwa f/1.4, la video T1.5. Gawanya 1.4 kwa 1.5, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, utaona takriban asilimia 87 ya mwanga inapita, kiwango kizuri sana. Ile ya 14mm f/2.8 pacha wake ni T3.1, hasara kubwa kidogo. Kwa hiyo hata kama unataka toleo la kawaida, tafuta kwanza T ya pacha wake. Anayerekodi kwa kamera mbili au tatu anunue la video moja kwa moja: akiweka T ileile kwenye lenzi zote, mwanga hautaruka anapobadili kutoka kamera hii kwenda ile. Ila kumbuka matoleo hayo hufokasi kwa mkono.

Tatu ni ile Sigma 18-35mm, kwa kamera za sensa ndogo. Pacha wake wa sinema ni T2, na hiyo kwa zumu ni kazi ya kuheshimiwa.

Nne ni zumu za f/2.8, 24-70mm na 70-200mm. Vioo vingi, na T yake mara nyingi hupita 3. Tuseme T3.2: kamera hupima mwanga kupitia lenzi yenyewe, hivyo itapandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) kutoka 3200 hadi 4000, nawe huenda usigundue. Kama kazi yako inadai zumu, nunua bila wasiwasi.

Mwisho ni Sony 100mm f/2.8 STF. Ndani ina kioo kilichotiwa giza pembezoni ili nyuma ya mtu pafifie kwa ulaini wa ajabu, na Sony wenyewe wanasema wazi kuwa ni T5.6. Ni robo tu ya mwanga ambao f/2.8 inaahidi. Ni lenzi nzuri mno kwa sura za watu mchana au studio. Ukumbini itakutesa.

Ukinunua ya mtumba, hasa Dar, Mombasa au Zanzibar ambako unyevu haupumziki, fungua tundu lote na umulike tochi ya simu kutokea nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Ukungu mweupe ni dalili mbaya vilevile. Kwa lenzi za zamani, iweke pia juu ya karatasi nyeupe. Baadhi ya matoleo ya Super-Takumar 50mm f/1.4 yana kioo chenye thoriamu (metali yenye mionzi) kinachogeuka manjano kwa miaka, na manjano hayo hula mwanga huku f ikibaki ileile.

Filta rahisi isiyo na utando nayo iache dukani: inaongeza nyuso mbili, na karibu asilimia 8 ya mwanga uliolipia imekwenda.