Korongo wa Mwanza: umtazame mwaloni au kwa mtumbwi?

Kwa gharama, mwalo (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) unashinda. Pale Kirumba unafika kwa daladala, na korongo mfuko-shingo wenyewe wanafuata matumbo ya samaki na mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Kuwaona ni uhakika pia: fika kabla ya saa tatu asubuhi, maana jua likikolea hupanda na hewa ya moto na kupaa juu sana. Utamwona kwa karibu: kimo hadi mita 1.5, kichwa kipara, miguu myeupe. Weupe huo ni kinyesi chake mwenyewe. Hujinyea miguuni ili majimaji yakikauka yapoze damu. Usisimame chini ya mti wenye viota, na usiache mifuko ya plastiki. Inayonuka samaki huimeza.

Ila mwaloni unamwona akiokota. Kumwona ndege akiwinda ni habari nyingine, na hapo mtumbwi haushindiki. Kwenye mafunjo, koikoi mkubwa, ndege mwingine wa miguu mirefu anayekaribia kimo hichohicho, husimama kimya muda mrefu akisubiri samaki apite. Utalipia mpiga kasia, uvae jaketi okozi, ukae mbali na viboko, na upepo ukichafuka safari imekufa. Kosa la wengi ni kumsogelea. Simama mbali, tumia darubini.

Mwenye watoto au asubuhi moja tu, aende mwaloni. Mpiga picha mwenye subira atafute mtumbwi. Korongo huyu na koikoi wakiruka, wote wawili hukunja shingo, kwa hiyo angalia mdomo: wa korongo ni mnene zaidi.