Vizuizi vya usalama kwenye bunduki za kuwindia: uzoefu wangu baada ya miaka 20

Nimewinda kwa bunduki za bolti, yaani zile ambazo chuma cha nyuma ya mtutu hufunguliwa na kufungwa kwa mkono, kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo nimemiliki au kuazima bunduki zenye karibu kila muundo wa kizuizi cha usalama, yaani kitufe au bawa linalozuia bunduki isifyatuke, anaoweza kukutana nao mwindaji wa kawaida. Kwa miaka mingi sikujiuliza kizuizi kinazuia nini hasa. Nilijali tu kama kinatoa mlio kinaposogezwa, na kama kidole gumba kinakifikia upesi mnyama anapotokea. Siku hizi, ninapoishika bunduki nisiyoijua, swali langu la kwanza ni kama naweza kutoa risasi zote zilizomo bila kukiondoa kizuizi hata mara moja.

Swali hilo lilizaliwa jioni moja, giza likianza kuingia, nilipokuwa nimesimama kando ya gari nikitaka kutoa risasi kabla ya kuirudisha bunduki kwenye mkoba wake. Bunduki ile ilikuwa na kizuizi cha nafasi mbili, na kizuizi kikiwa kimefungwa, bolti nayo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kufungua chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ila kwanza kukisukuma kizuizi mbele, kwenye nafasi ya kufyatua. Nikakisukuma. Vidole vyangu vyote vilikuwa mbali na kifyatulio, na bado bunduki ikalia. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye udongo mtupu hatua chache mbele yangu, na wenzangu wote walikuwa nyuma, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Usiku ule sikulala.

Fundi aliyeifungua alinionyesha chanzo chake, na maelezo yake ndiyo msingi wa yote ninayoyaandika hapa. Bunduki inapokokiwa, springi ya pini ya kupigia hubanwa, na pini hubaki nyuma kwa sababu imeshikwa na kishikizo kidogo cha chuma. Kishikizo hicho nacho hutegemezwa na kifyatulio. Kwenye bunduki yangu, kizuizi kilipofungwa kilikuwa kinakiinua kishikizo kidogo tu kutoka kwenye kifyatulio, ili kuvuta kifyatulio kusiwe na athari yoyote. Muundo huo hufanya kazi vizuri mradi kifyatulio kikiguswa kirudi mahali pake. Ndani ya kifyatulio changu palikuwa na mafuta ya zamani yaliyoganda pamoja na vumbi, na aliyekuwa akiimiliki kabla yangu alikuwa amelegeza skrubu ili kivutike kwa wepesi zaidi. Yaelekea wakati wa kutembea kifyatulio kiliguswa na kijiti au mkanda, kikasogea, kisha hakikurudi. Hivyo nilipokiondoa kizuizi, kishikizo kilishuka na kukuta hakuna cha kukitegemeza, pini ikaenda mbele na kuipiga fataki inayoiwasha risasi. Bunduki ilikuwa imeshafyatuliwa tangu porini, na kizuizi peke yake ndicho kilichokuwa kinaushikilia mlio.

Tangu hapo nimekuwa nikivigawa vizuizi kwa kutazama kinachozuiwa, na sijali sana kama kitufe kiko kulia au juu. Vipo vinavyozuia kifyatulio peke yake, na hivi ndivyo ninavyoviamini kidogo kuliko vyote, kwa maana kifyatulio kikiwa kimefungwa, kishikizo bado kinaweza kutikisika na kuiachia pini bunduki ikianguka kwenye mwamba. Vipo vinavyozuia au kuinua kishikizo, kama kile changu. Na vipo vinavyoishika pini yenyewe, kiasi kwamba hata kishikizo na kifyatulio vyote viwili vikikosea, fataki haiguswi.

Kundi hili la tatu lina historia ndefu, na bunduki iliyonifundisha thamani yake ni Mauser ya muundo wa 1898, niliyoazimwa na rafiki kwa msimu mzima. Kizuizi chake ni bawa dogo lililoko nyuma ya bolti, na lina nafasi tatu: likilala kushoto bunduki iko tayari kufyatua, likisimama wima pini imezuiwa lakini bolti inafunguka, na likilala kulia pini imezuiwa na bolti imefungwa. Uzuri wake ni kwamba bawa hilo huivuta pini nyuma kidogo na kuitoa kwenye kishikizo, kwa hiyo uzito wa springi haubebwi tena na sehemu ndogo za kifyatulio. Kutoa risasi ni kulisimamisha bawa, kufungua bolti, na kuendelea kwa utulivu kabisa. Ubaya wake ulijitokeza siku tulipofunga darubini. Bawa linaposimama linahitaji nafasi juu ya bolti, na darubini iliyofungwa chini, jinsi tunavyozipenda wengi wetu ili shavu litulie vizuri kwenye kitako, huizuia njia hiyo. Kwa bunduki yenye vilengeo vya chuma tu, bawa lililosimama huziba mstari wa kulenga, na hilo mimi naliona kama faida, kwa sababu mwindaji anakumbushwa na macho yake kwamba bunduki imefungwa.

Winchester Model 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, ilichukua wazo hilo hilo la kuishika pini, na katika umbo lake lililozoeleka bawa huzungushwa kwa kulala, upande wa kulia wa nyuma ya bolti. Likiwa nyuma kabisa, pini na bolti vyote vimefungwa. Likiwa katikati, pini imeshikwa na bolti iko huru. Likiwa mbele, bunduki iko tayari. Darubini haiguswi kamwe. Hii ndiyo bunduki niliyoinunua baada ya tukio lile, na nimeitumia kwa misimu tisa hadi sasa. Ninaifungua chemba yake bila moyo kunidunda. Lawama yangu ni moja tu, nayo si ndogo: nafasi ya katikati inahitaji kidole chenye adabu. Ukilisukuma bawa kwa haraka, hasa ukiwa umevaa glavu au vidole vimekufa ganzi kwa baridi, unaweza kulipitisha katikati ukafika mbele kabisa bila kujua, na ukadhani bado pini imeshikwa. Mimi hulishika bawa kwa kidole gumba na cha shahada pamoja, nikalipeleka polepole mpaka nilisikie likikaa, kisha nikalitazama kwa macho kabla ya kugusa bolti. Mtindo huu pia hupunguza mlio wa chuma, ambao paa husikia vizuri kuliko sisi.

Watetezi wa kufunga bolti wana hoja, nami nawatendea haki. Bunduki inayoning'inia begani kwenye kichaka kinene hukwaruzwa na matawi, na mkono wa bolti huweza kuinuka pole pole bila mwenyewe kuhisi. Inapofika saa ya kufyatua, pini haifanyi kazi yake, au risasi imeshadondoka njiani. Remington Model 700, iliyoanza mwaka 1962, kwa takriban miaka 20 ilikuwa na kizuizi kinachofunga bolti, na mwindaji alilazimika kukiondoa ili atoe risasi. Kuanzia mwaka 1982 ilitengenezwa bila kufuli hilo, ili bolti ifunguke hata kizuizi kikiwa kimefungwa. Niliwahi kutembea na bunduki ya mtindo huo wa pili, na mara mbili niliukuta mkono wa bolti umeinuka. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua kati ya kumkosa mnyama na kurudia jioni ile, sihitaji muda wa kufikiri.

Kwa jambo hili wahandisi wa Sako walipata jibu ninaloliona kuwa la busara sana. Kwenye Sako 85 kizuizi kina nafasi mbili tu, na kikifungwa bolti nayo hufungwa, lakini mbele yake kuna kitufe kidogo ambacho kikibonyezwa huiachia bolti ifunguke huku kizuizi kikibaki kimefungwa. Hakuna nafasi ya katikati ya kuikosa. Nimeitumia kwa wiki tatu tu, bunduki ya shemeji yangu, na kitufe kilikuwa kidogo mno kwa glavu zangu nene, ila kwa mikono mitupu sikupata shida. Tikka T3, iliyokuja mwaka 2003, hufunga kifyatulio na bolti kwa pamoja, haina kitufe cha namna hiyo, na kwa hiyo inanirudisha kwenye swali langu la kwanza. Ni bunduki yenye shabaha ya kupendeza, na kifyatulio chake ni safi kuliko vyote nilivyovigusa, lakini sikuinunua.

Vizuizi vilivyoko juu ya shingo ya kitako, vinavyosogezwa mbele na nyuma kwa kidole gumba, nitavieleza kwa ufupi. Savage 110 ndiyo niliyoitumia zaidi. Kizuizi chake ni rahisi kukiona, na ni sawa kwa anayetumia mkono wa kushoto na wa kulia. Ndugu yangu ni wa mkono wa kushoto na hataki kusikia habari ya nyingine. Kwenye Savage kuna nafasi tatu, ya kati ikiachia bolti, na hilo ni jema. Vitufe vya kubonyeza kutoka upande hadi upande, vilivyozoeleka kwenye bunduki za kujijaza zenyewe, mara nyingi huzuia kifyatulio tu, nami nimeshasema ninavyoviona.

Muundo ulionishangaza kuliko yote ni ule usio na kizuizi kwa maana tuliyoizoea. Blaser R93 ya mwaka 1993 na R8 iliyoifuata mwaka 2008 hubebwa zikiwa na risasi kwenye chemba lakini hazijakokiwa. Springi ya pini imelegea. Mwindaji anapomwona mnyama, anasukuma mbele kwa kidole gumba kitelezi kikubwa kilicho nyuma ya bolti, na hapo ndipo springi inapobanwa. Asipofyatua, anakirudisha kitelezi nyuma na bunduki inalala tena. Mafuta yaliyoganda yaliyonitesa mimi yasingekuwa na nguvu ya kuachia, kwa kuwa hakuna nguvu yoyote iliyohifadhiwa. Kwenye R8, hata ukiitoa sehemu ya magazini (kisanduku cha risasi za akiba), ambayo imeungana na kifyatulio, bunduki hujiondoa kwenye hali ya kukokiwa yenyewe. Nilipanda nayo miinuko mikali kwa siku nne na sikuwahi kutembea nikiwa na amani kiasi kile. Lakini kitelezi kinahitaji nguvu, na mama mmoja wa makamo tuliyewinda naye alishindwa kukisukuma bila kuishusha bunduki begani. Kuna pia jambo la pili ambalo muuzaji hakunieleza: baada ya kufyatua na kuvuta bolti, bunduki hubaki imekokiwa kwa risasi inayofuata, kwa hiyo mtu anayemfuatilia mnyama aliyejeruhiwa ni lazima akumbuke mwenyewe kukirudisha kitelezi.

Bunduki yoyote ninayoitumia sasa, kabla ya msimu, naijaribu chemba na magazini vikiwa vitupu, nikiwa nimevikagua kwa macho na kwa kidole. Naikoki, nafunga kizuizi, navuta kifyatulio kwa nguvu, nakiachia, kisha naondoa kizuizi huku nikisikiliza. Pini ikigonga wakati huo, au nikivuta tena baada ya hapo na pini isigonge, bunduki hiyo inakwenda kwa fundi na haiendi porini. Bunduki yangu ya zamani ilisafishwa, skrubu zikarudishwa kwenye kipimo cha kiwandani, nayo ikafaulu jaribio hilo mara 50 mfululizo mbele ya macho yangu. Niliiuza kwa fundi huyo huyo, akijua historia yake yote, na akaibadilishia kifyatulio kizima kwa kile chenye kizuizi kinachoiachia bolti.