Cheti cha raifo au cha bunduki ya marisau: Uingereza ibane kipi?

Vyeti hivi viwili vya kumiliki bunduki hudumu miaka 5, lakini havifanani. Anayetaka raifo lazima aeleze sababu ya kila bunduki, na cheti hutaja hata kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Kwa bunduki ya marisau (shotgun, inayorusha vigololi vidogo vingi kwa mpigo), cheti kimoja hubeba bunduki kadhaa, mradi zifungiwe salama. Mkulima anayefukuza kunguru shambani atakwambia masharti hayo yanatosha. Mimi siafiki. Katika mji wa Plymouth, Uingereza, Agosti 2021, mtu aliyewahi kunyang'anywa bunduki ya marisau na cheti, akarudishiwa Julai, aliua watu 5. Kwa karibu, marisau si mapole kuliko risasi. Masharti ya raifo yanachosha, kweli, lakini ningeyaweka kwa zote.