Rimu pana kwenye Altezza iliyolala: uzoefu wangu hapa Unguja

Toyota Altezza yangu ni RS200, injini ya 3S-GE, na iko chini milimita 40 kuliko ilivyotoka kiwandani. Koilova, yaani springi na shokapu za kurekebisha kimo, zilitangulia. Rimu na tairi pana zikafuata mwishoni mwa vuli, na masika nayo yameshapita juu yake, kwa hivyo ninayoyasema yamepimwa juani na mvuani. Nimefunga rimu za inchi 17, upana inchi 8, ofseti 35, tairi 225/45 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo) pande zote nne. Nimeridhika nazo mno, na sehemu kubwa ya kuridhika huko natoa shukrani kwa fundi aliyekataa kufunga chochote kabla ya kupima.

Ukikaa na wenye magari pale Amani au Kwerekwe, swali la mwanzo huwa "inchi ngapi?" Kwa gari lililolala, inchi peke yake haikwambii kitu mpaka uijue ofseti. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi ule uso unaokaa kwenye habu, kitovu ambacho gurudumu linafungiwa. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani ya fenda. Ikipungua, linatoka nje. Rimu asili za RS200 ni 17 kwa 7, ofseti 50. Nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9, toa 50, ukingo wa nje unasimama milimita 38.9 kutoka uso wa habu. Zangu mpya: nusu ya inchi 8 ni 101.6, toa 35, unapata 66.6. Maana yake gurudumu limetoka nje karibu milimita 28, na kwa ndani, penye shokapu na mikono ya sospensheni, nafasi imeongezeka milimita 2 hivi. Hesabu yenyewe inaenea kwenye kipande cha karatasi, na inafaa ifanywe kabla ya mtu kutoa shilingi.

Mimi niliifanya dukani. Duka la kwanza nililoingia lilikuwa na rimu zinazovutia kweli kweli: inchi 18, upana 9.5, ofseti 20. Muuzaji, kijana mchangamfu, akanambia, "Kaka, hizi zinakaa tu, tunakunja fenda kidogo, basi." Nikapiga hesabu mbele yake. Ukingo wa nje ungefika milimita 100 na kitu, yaani zaidi ya sentimita 6 nje ya zile asili. Sentimita 6 hazipatikani kwa kukunja mdomo wa fenda. Hapo ni kukata bati na kufunga fenda pana. Anayetaka gari la maonyesho na afanye, ni haki yake. Langu linapeleka watoto chuoni na linakwenda shamba na mizigo.

Kwenye duka hilo hilo nilioneshwa tairi za mtumba ambazo hazikuwa vipara hata kidogo. Nikainama kutazama maandishi ya DOT, zile namba za kiwanda zilizo ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ndizo zinazohusika: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zile zilisomeka 3114, wiki ya 31 ya mwaka 2014, na ukizikunja kidogo ubavu unaonesha nyufa nyembamba. Mpira unazeeka hata ukiwa umewekwa tu, na kwa joto letu unazeeka haraka zaidi. Gari lililolala lina nafasi ndogo ya springi kupokea pigo, ubavu wa tairi unabeba mengi, basi ubavu uliochoka sitauweka chini ya familia yangu kwa bei yoyote. Nikaagiza tairi mpya Dar es Salaam, zikaja kwa boti.

Kazi ilifanyika kwenye gereji moja ndogo ya Fuoni. Fundi ni mtu mzima; namwita ami, naye ananiita mwanangu. Niliingia na rimu kwenye buti nikitarajia ataanza na jeki na spana. Akasema, "Mwanangu, upana tutauzungumza. Mwanzo nataka nione gari likishiba linakaa wapi." Akaita vijana wake wakae kiti cha nyuma, wakapakia mifuko ya saruji kwenye buti, kisha akatoa timazi, ile ile ya waashi, akaining'iniza kwenye mdomo wa fenda na kupima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu asili. Gereji nyingi huangalia gari likiwa tupu na tairi zikiwa zimenyooka, wakaona vidole viwili vinapita, wakasema tayari. Tatizo haliko hapo. Tatizo liko pale unapokuwa na abiria wanne, umekata kona, na upande mmoja wa gari umezama.

Baada ya timazi akatoa springi ya mbele kulia, akairejesha shokapu tupu, akafunga rimu mpya na kuinyanyua sospensheni kwa jeki mpaka ule mpira wa kuzuia ukabanwa wote. Hapo ndipo akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, huku mimi namulika na tochi. Nyuma akafanya vile vile. Altezza ina mikono ya juu na ya chini kwenye magurudumu yote manne, kwa hivyo gurudumu likipanda, sehemu yake ya juu inainamia ndani. Hili ndilo linaloifanya ipokee upana ambao gari nyingi za umri wake hazipokei. Hata hivyo tulipata pahala pawili. Mbele, usukani ukifika mwisho, tairi linaparuza plastiki ya ndani nyuma ya bampa. Nyuma, gari likishiba, mabega ya tairi yanafika kwenye mdomo wa fenda.

Ile ya mbele ni kazi ndogo: plastiki ilipashwa moto, ikasukumwa ndani, ikafungwa upya. Ya nyuma ndiyo iliyonifanya nimheshimu ami. Mdomo wa fenda ya nyuma si bati moja. Bati la nje na la ndani hukutana pale na kupakwa gundi ya kuzuia maji. Ukiukunja ule mdomo juu, gundi inapasuka, na wewe hutaona kitu kwa sababu ufa uko upande wa ndani. Unguja kwa upana haifiki kilomita 40. Hakuna gari hapa lililo mbali na bahari, na hewa ya chumvi ikishaingia baina ya mabati mawili, kutu inakula kimya kimya mpaka rangi ivimbe. Alitumia chuma cha kukunjia kinachofungwa kwenye habu, chenye gurudumu la plastiki mwishoni, akaipasha rangi kwa hewa ya moto ili isikatike, akaenda mbele na nyuma taratibu, akiongeza shinikizo kidogo kidogo. Alipomaliza alikwangua gundi ya zamani, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaacha ikauke, kisha gundi mpya. Nilikuta rangi ya nje haina hata mstari. Nimewahi kuona gari la jamaa lililokunjwa fenda kwa rungu la mbao. Rangi ilidondoka vipande na kutu ilianza kabla ya mwaka kwisha. Malipo ya kazi hii yote hayakufika bei ya tairi moja jipya.

Kuna vitu viwili vidogo ambavyo ningeomba kila mtu avikague kabla gari halijatoka gereji. Cha kwanza ni tundu la katikati. Habu ya Altezza ni milimita 60.1, na rimu nyingi za kununua zina tundu la 73.1 ili zikubali gari za aina nyingi. Ule uwazi unajazwa kwa ringi. Bila ringi rimu inashikiliwa na nati tu, ikikaa upande kwa kiasi cha unywele utahisi usukani unatetemeka ukifika 80 au 90, na watu watakwambia ni balansi. Mimi nilichukua ringi za aluminiamu. Cha pili ni nati zenyewe. Rimu asili za Toyota mara nyingi hutumia nati zenye shingo na washa bapa, wakati rimu za kununua karibu zote zinataka nati za koni ya digrii 60. Uzi ni ule ule, M12 kwa 1.5, kwa hivyo nati ya zamani itaingia na itakaza, lakini haikai kwenye kiti chake na inaweza kulegea njiani. Ami alikaza kwa spana ya kupimia nguvu, 103 Nm, na akanitaka nirudi baada ya kutembea kidogo azikaze tena.

Barabarani sasa. Safari ninayoipenda ni ya Paje kupitia Tunguu na Jozani. Kwenye zile kona za msituni gari limetulia kuliko nilivyowahi kuliona. Unakata, linakwenda, mwili haulali. Matuta ya Jozani, yaliyowekwa ili kuwanusuru kima punju wanaovuka barabara, nayapita polepole na kwa mshazari kidogo, na hata gari likiwa limejaa sijasikia mparuzo wa nyuma. Breki kwenye lami kavu naona zinashika vizuri zaidi. Usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha, na kwenye lami iliyobonyea kwa malori, kwa mfano njia ya Bububu, unahisi gari linataka kufuata mfereji. Sababu ni ofseti: katikati ya gurudumu imesogea nje milimita 15, basi kila mteremko wa barabara una nguvu zaidi ya kuvuta usukani. Nashika kwa mikono miwili na nimezoea. Asiyependa hali hiyo achukue ofseti ya 45 na avumilie rimu kuzama ndani kidogo.

Wakati wa mvua, tairi pana hukanyaga maji mengi zaidi na huanza kuelea mapema kuliko jembamba lenye kina sawa. Masika haya, penye maji yaliyotuama, nilishuka hadi 50 na sikuona aibu kupitwa na daladala.

Niliulizwa kwa nini sikuchukua 235/40, maana ndiyo inayojaza fenda. Jibu ni ubavu. Tairi asili, 215/45, lina ubavu wa milimita 97 na kipenyo cha 625. 225/45 lina ubavu wa 101 na kipenyo cha 634, ongezeko la asilimia 1.4, saa ya mwendo haidanganyi sana. 235/40 lingenipa ubavu wa 94, na 225/40 la inchi 18 lingenipa 90. Ukitoka lami kuingia njia za ndani za Jambiani, unakanyaga jiwe la matumbawe lenye makali ya kukata mpira, na zile milimita chache ndizo zinazotenganisha rimu na jiwe. Nilichagua pia tairi zenye namba ya uzito 94, yaani kilo 670 kwa tairi moja, badala ya 91 ambayo ni 615. Naziweka psi 34, nacheki asubuhi zikiwa baridi.

Na hii tabia ya kuvuta tairi la 195 kwenye rimu ya inchi 8 ili gari lilale zaidi, siiungi mkono kabisa kwa barabara zetu. Mdomo wa rimu unabaki wazi, shimo moja linaupinda, na tairi linaweza kutoka kitini mwake ukiwa na watu ndani. Nimeona rimu nzuri zikigongwa nyundo kunyooshwa kwa sababu hiyo tu.

Mwisho wa kazi ni alaimenti, kupanga mwelekeo na mwinamo wa magurudumu, na iwe baada ya gari kukaa siku kadhaa springi zituwame. Yangu imekaa mbele digrii 1 na nusu kuinamia ndani, nyuma 2. Wengi wanalaumu ule mwinamo tairi zikiisha upande wa ndani, lakini kinachokula zaidi ni magurudumu kutotazama mbele sawasawa. Hilo likirekebishwa, mwinamo huu mdogo tairi linauvumilia. Nabadilisha mbele na nyuma kila ninapomwaga oili, na mpaka sasa zinaisha sawa.

Wenye Toyota IST wanaonipigia simu kuhusu rimu hizi: haziwafai. Altezza ina nati tano, PCD (kipenyo cha duara la nati, kwa milimita) 114.3, IST ya kwanza ina nati nne, PCD 100, tundu la katikati 54.1, na tairi asili la 185/65 la inchi 15. Pelekeni gari kwa fundi mwenye timazi, na mpakie watu kabla hajapima.